Pakinanda

Kinanda kilitolewa ndani ya boksi mchana, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo kana kwamba chumbani mna mgonjwa. Nkoile ndiye aliyeufunga. Binti yake, Nanyori, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akibandua utepe wa gundi kwa ukucha, taratibu, asije akachana kitu ambacho huenda kingetakiwa kurudi kama kilivyokuja.

Jambo la kwanza lililomshangaza Nkoile lilikuwa wepesi wa kinanda chenyewe. Alikuwa ametoa mtamba mzima kwenye gulio la Handeni, mtamba mwenye mgongo ulionyooka, na alichopewa badala yake sasa alikiinua kwa mkono mmoja.

"Ndani mna kitu kweli?"

"Ndivyo vilivyo vya bei nafuu, yeyoo. Vile vizito ni vya makanisa makubwa."

"Mtamba hukuweza kumwinua," alisema Nkoile, kisha akajuta kulitaja neno hilo.

Kilikuwa cha plastiki nyeusi, kinanuka upya kama ndoo ya dukani. Vibao vyeupe na vyeusi vilijipanga toka upande hadi upande, na juu yake vitufe vingi vyenye maandishi madogo ambayo Nanyori mwenyewe, pamoja na kidato chake cha nne, aliyasoma kwa kukunja uso. Alipachika betri kubwa tumboni mwa kinanda, akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka. Nkoile alinyoosha kidole akagusa kibao kimoja kama mtu anayegusa pasi ya mkaa kujua kama imeshika moto.

Sauti ilitoka nyembamba, yenye kupita puani kidogo, lakini ilisimama wima bila kutetemeka. Akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu. Sauti ikatoka ileile.

"Hiki hakijui hasira?"

"Vya bei kubwa vinajua. Hiki ukikipapasa, ukikipiga ngumi, kinajibu sawasawa."

"Basi kina adabu kuliko watu."

Nanyori akacheka. Akamwonyesha kitufe cha ngoma, cha filimbi, na kingine kilichobweka kama mbwa, hata mbwa wa nje akajibu na wote wawili wakaibana midomo yao. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yeyoo, anza wimbo. Wowote."

Katika kanisa lao dogo Nkoile ndiye aliyeanzisha nyimbo za akina mama. Hakuwa na pa kuanzia isipokuwa pale koo lake lilipokuwa asubuhi hiyo, na kwaya nzima ilimfuata huko. Alianza. Vidole vya Nanyori vikamkimbilia, vikamkosa. Sauti ya kinanda ikapita juu ya sauti yake kama watu wawili wanaogombea njia moja.

"Najua kupiga kwa namna moja tu," Nanyori alikiri. Alijifunza kwenye kinanda cha usharika wa Segera, siku alizokaa kwa shangazi yake, kwa kuibiaibia baada ya ibada. "Lakini subiri. Kipo kitufe cha kuhamisha sauti yote. Imba tena."

Akabonyeza. Sauti ikashuka. Akabonyeza tena, huku mama akiimba mstari uleule, mpaka ghafla Nkoile akahisi wimbo wake umeshikwa kwa chini, kama mwanamke anayeshikiwa ndoo wakati wa kujitwisha. Akaacha kuimba. Macho yalikuwa yamemjaa maji na hakupenda binti ayaone.

"Ni hapo," alisema Nanyori. "Nimekiacha kwenye koo lako. Maadamu betri zimo ndani, hata nikikizima hakitasahau." Akamtazama mama yake kwa uchokozi. "Sasa nikuite nani? Umenipa kinanda."

Kwao, Wamasai, mtu akikupa mnyama, nyote wawili mnaacha kuitana kwa majina mliyopewa na wazazi. Waliopeana ndama huitana Paashe, waliopeana mbuzi huitana Pakine, na wataitana hivyo hata wakizeeka na mnyama mwenyewe akawa amekwisha sahaulika.

"Niite Pakinanda," alisema Nkoile.

"Naam, Pakinanda!"

"Abee, Pakinanda!"

Kicheko chao hakikumaliza safari yake. Nje, mbali kidogo, ilisikika kengele nzito ya maksai mwekundu. Kengele ile ilivaliwa na mnyama mmoja tu, na mnyama yule alitembea mbele ya mtu mmoja tu. Kasaine, mume wa Nkoile, alikuwa amerudi kutoka malishoni Mkata kabla ya siku aliyotarajiwa.

*

Kasaine hakuwa na haja ya kuhesabu. Alisimama kwenye lango la zizi, akapitisha macho juu ya ndama na mitamba waliobaki nyumbani, na macho yakakwama penye pengo. Alipoingia ndani alikuwa bado na fimbo mkononi na vumbi hadi magotini.

"Mama Nanyori, mtamba wa Nkoitiko yuko wapi?"

"Pole na safari, baba Nanyori. Kaa kwanza unywe maziwa."

"Nimeuliza mtamba."

Nkoile aliuweka mtungi wa maziwa chini. "Mtamba wa nyumba yangu nimembadilisha kwa yule mfanyabiashara wa Korogwe. Mhina, anayekuja gulioni na lori."

"Wa nyumba yako." Kasaine aliyarudia maneno yale polepole. "Ng'ombe wa nyumba yako unamkamua. Kukamua na kutoa ni jambo moja?"

"Nilikupigia simu, hukupatikana. Mwalimu Emiliana anafungua darasa lake la muziki Korogwe mwezi ujao. Amesema asiye na kinanda chake asijisumbue kufika. Binti yako anakaa hapa tangu amalize shule, anachota maji na kuyamwaga."

"Na Nkoitiko anafika Jumapili!" Hapo ndipo sauti yake ilipopanda. "Atasimama pale langoni aniite Paashe. Nimwitikie nini? Atauliza ndama aliyenipa amekuwaje, amekua, ana mimba? Nimwambie ndama amegeuka plastiki?"

Nkoile alipomtoa mtamba aliwaza majani, maziwa, ada na darasa, jina hakuliwaza. Mtamba alikuwa amelala kwenye zizi la nyumba yake tangu akiwa ndama, na mkono uliomnywesha dawa ulikuwa wake. Ilikuwaje mikono yake iwe na kazi zote na isiwe na neno?

Kasaine aliinama juu ya kitanda. Alikitazama kinanda kama mtu anayetazama mnyama aliyeuziwa akiwa mgonjwa. Akashusha kidole chake kikubwa kwa hasira kwenye kitufe cha kwanza alichokiona. Mara ngoma zikalia, tarumbeta zikaitika, na wimbo mzima wa kigeni ukatimka chumbani wenyewe, wa haraka na wa furaha, bila mtu kuugusa.

Wote watatu wakasimama wakiusikiliza.

"Kumbe kinajipigia chenyewe," alisema Kasaine wimbo ulipokwisha. "Sasa mwanafunzi anakwenda kusoma nini? Kukishikia?"

"Huo ni wimbo wa maonyesho tu, baba," Nanyori alisema. "Umewekwa humo na waliokitengeneza. Niruhusu nikupigie wangu."

"Kimeshanipigia." Akageuka mlangoni. "Huyo Mhina alisemaje kuhusu kurudisha?"

Nkoile alitamani kudanganya. "Alisema kikirudi kabla ya gulio lijalo, kikiwa kizima, tunamchukua mtamba wetu. Yuko kwenye zizi lake Ngombezi."

"Kesho Korogwe. Sote."

*

Walibadilisha basi Segera. Kasaine alishuka na boksi begani, lubega lake jekundu likipepea, na wauza machungwa hawakuiacha nafasi hiyo ipite.

"Mmasai, umeacha ng'ombe umekuwa mwanamuziki?"

"Tupigie basi, mzee! Harusi iko wapi?"

Hakugeuka. Nanyori alitembea nyuma yake akitazama picha ya kinanda iliyochapwa ubavuni mwa boksi, na Nkoile alitembea nyuma ya binti akitazama mgongo wake. Tangu alfajiri msichana hakuwa amesema neno lisilo la lazima. Hakuwa amelia pia. Nkoile angelipendelea alie.

Duka la Mhina lilikuwa karibu na stendi ya Korogwe, limejaa redio, feni, paneli za sola na nyaya za chaja zilizoning'inia kama kamba za viatu. Mhina mwenyewe alikuwa mtu mchangamfu mwenye kalamu sikioni. Nanyori alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kumtazama, macho yake yakiwa kwenye boksi.

"Mzee wangu, karibu. Kimewashinda?"

"Hakijatushinda. Tunamhitaji mtamba."

"Neno langu ni lilelile. Kikiwa kizima, leo hii nakupeleka Ngombezi umchukue. Ngoja nikijaribu."

Alikitoa, akakipangusa, akakiweka juu ya kaunta kando ya kingine kilichofanana nacho kabisa. Akaviwasha vyote viwili. Kwa mkono wa kulia alibonyeza kibao cha katikati cha kinanda cha duka. Kwa mkono wa kushoto akabonyeza kibao hichohicho kwenye kile kilichorudi.

Sauti mbili zikatoka, zikakwaruzana. Mama mmoja aliyekuwa akichagua chaja alikunja uso.

Mhina alijaribu kibao kingine, na kingine. Kila mahali vinanda vile viliachana vilevile, kimoja kikibaki chini ya mwenzake. Uchangamfu ukamtoka usoni.

"Mmekifanya nini hiki?"

"Hatujakifanya kitu," alisema Kasaine.

"Mzee, hivi vimetoka boksi moja, siku moja. Sikiliza mwenyewe! Hiki kimeharibika. Kimeingia maji, au mmekianika juani."

Nkoile alielewa papo hapo. Kinanda hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa bado kwenye koo lake, pale Nanyori alipokiacha, na hakikuwa kimesahau. Kitufe kimoja tu kingekirudisha mahali pake. Mhina alikuwa muuzaji, hakuwa mpigaji, na ilikuwa dhahiri kwamba hakukijua kitufe kile. Kama hakuna ambaye angesema neno, Mhina angekataa kukipokea, nao wangerudi Handeni na kinanda. Nanyori angekwenda kwa Mwalimu Emiliana. Ukimya tu ndio uliotakiwa, na ukimya hauhitaji hata kudanganya.

Akausogeza mguu wake chini ya kaunta, akaukanyaga mguu wa binti yake. Tulia.

"Nimesema hatujakifanya kitu," Kasaine alirudia. "Kimetoka boksini, kimerudi boksini."

"Mimi nawajua watu wa porini," alisema Mhina, sasa akimsemesha zaidi yule mama wa chaja kuliko Kasaine. "Unampa kitu cha umeme, anakwenda kukilaza na ndama. Kikifa anakuletea, na uso mkavu, eti kizima."

Yule mama akacheka kidogo, kwa adabu ya mteja. Mlangoni palikuwa na watu wengine wawili waliosimama ili wasikie vizuri.

"Unaniita mwongo?"

"Sijasema mwongo. Kinanda ndicho kinachosema."

Kasaine aliishika kaunta kwa mikono miwili. Nkoile alikuwa amemwona mtu huyu akiwafukuza fisi, akigombana na wakulima juu ya njia za maji, na hakuwa amewahi kumwona akikosa la kufanya. Sasa alilikosa. Alikuwa anajua kwamba anasema kweli na hakuwa na kitu cha kuonyesha. Akageuza uso, akamtazama binti yake.

"Nanyori. Ulikiangusha?"

"Hapana, baba."

"Kiliingia maji?"

"Hapana, baba."

"Umesikia," alimwambia Mhina. "Binti yangu haharibu vitu na hasemi uongo."

Nkoile aliukandamiza mguu wake. Akahisi mguu wa Nanyori ukijivuta, taratibu, mpaka kandambili ikabaki tupu chini ya wayo wake.

"Si kibovu," alisema Nanyori. "Ni mimi. Nilikihamisha."

Alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe kile. Akabonyeza tena na tena, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba ambayo hataki kufika juu yake. Kisha akagusa kibao cha katikati cha kinanda kimoja na cha mwenzake. Sauti mbili zikawa moja.

Mhina alijaribu mwenyewe, huku na huku. Akaikwaruza shingo yake kwa kalamu. "Eh. Kumbe. Samahani, mzee, sikuwa najua." Na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza haraka, "Haya, kizima. Twendeni Ngombezi mkamchukue mtamba wenu."

Hakuna aliyeondoka. Kasaine alikuwa bado akimtazama binti yake.

"Ungenyamaza, kingekuwa chako."

"Ndiyo, baba."

"Ulilijua hilo?"

"Nililijua tangu alipobonyeza mara ya kwanza."

"Na mama yako?"

Nanyori akatazama sakafuni. Nkoile alijibu mwenyewe, kwa maana hakutaka mtoto amtangulie kusema kweli mara mbili siku moja. "Nililijua. Nilimkanyaga anyamaze."

Yule mama akalipa chaja yake akaondoka. "Ulikihamishia wapi?" Kasaine aliuliza hatimaye.

"Kwenye koo la yeyoo. Pale anapoanzia."

"Kirudishe."

"Wapi, baba?"

"Kwa mama yako. Sijakisikia bado. Nilisikia kile kilichojipigia."

Nanyori akaishusha sauti ya kinanda kwa kitufe kile. Kisha wote wakamgeukia Nkoile, naye katikati ya feni na redio, koo likiwa limekauka kwa vumbi la njia na kwa aibu, akaanza. Sauti ilitoka na mikwaruzo. Kinanda kikaiingia chini, hakikuikimbia wala hakikuipita, kikambeba mpaka mwisho wa ubeti. Kasaine alisikiliza huku ameinamisha kichwa, vile anavyosikiliza kengele za mifugo gizani kujua nani amebaki nyuma.

"Mhina," alisema. "Unanunua nyama au unafuga?"

"Nyama, mzee. Huyo mtamba nilimchukua basi tu. Maksai ndiye mwenye kilo."

"Ninaye maksai. Mwekundu. Mrudishe mtamba, mchukue yeye."

Nkoile alishtuka. "Baba Nanyori, yule wa kengele?"

"Unamfahamu mwingine?"

*

Lori la Mhina lilifika Handeni Jumamosi. Mtamba aliteremka akitetemeka miguu, akanusa hewa, akaingia zizini bila kuelekezwa. Kasaine alimwendea maksai mwekundu, akamkuna chini ya shingo, akaifungua kengele. Mnyama hakukataa kupanda. Alikuwa amezoea kwenda popote mtu yule alipomwelekeza.

Lori lilipoondoka, Kasaine alibaki ameshika ulimi wa kengele kwa kidole usilie.

"Ungeniuliza," alimwambia mkewe.

"Ungekubali?"

Alifikiri kwa haki. "Nisingekubali."

"Basi."

"Basi," alisema naye.

Kesho yake Nkoitiko alikuja. Alisimama langoni, akaita "Paashe!" na Kasaine akaitika "Paashe!" kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani, akamshika mkono akampeleka zizini kumwonyesha mtamba, akimsifia mgongo na macho kana kwamba mnyama yule hajawahi kuvuka hata korongo. Nkoile aliwapelekea chai. Nanyori alikuwa ameketi kivulini na kinanda mapajani, akipiga kwa sauti ya chini.

"Na hicho?" Nkoitiko aliuliza.

"Hicho ni cha binti yangu. Nimempa." Kasaine akapaza sauti. "Pakinanda! Ongeza sukari huku."

Nkoile na Nanyori waligeuka kwa pamoja.

Kasaine alikuwa akimtazama binti. Nkoile aliuteremsha uso wake kwenye sinia. Ilikuwa haki, alijiambia. Mwenye maksai ndiye aliyetoa. Yeye alikuwa ametoa kisichokuwa chake, na mtu hapewi jina kwa kitu kama hicho. Hata hivyo aliendelea kulishika sinia lisilokuwa na kitu, kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Naja, Pakinanda," Nanyori alimwitikia baba yake, kama ilivyotakiwa. Akachukua sukari, akaipeleka, akamwamkia mgeni kwa kuinamisha kichwa. Aliporudi kivulini hakukaa. Alisimama mbele ya mama yake, kinanda kikiwa kifuani, kidole chake juu ya kitufe, akashusha ngazi moja, akashusha nyingine, mpaka akafika anakokujua.

"Anza wewe, Pakinanda," alisema, bila kupunguza sauti.

Kule zizini mazungumzo yakakatika. Nkoile alimtazama mumewe juu ya bega la binti. Kasaine alikuwa amesikia. Aliichezea kengele iliyokuwa mkononi mwake, na hakusahihisha.

Nkoile akaliweka sinia chini, akaanza pale koo lake lilipokuwa.